Bibi wa Alhalkere: miaka themanini ya ardhi, minane ya rangi

Mwaka 1995, kwenye nyika kavu ya katikati ya Australia, kanvasi yenye urefu wa mita 8 na upana wa karibu mita 3 ilitandikwa chini ikiwa imepakwa rangi nyeusi. Bibi mwenye umri wa miaka themanini na ushei akaiingia, akaketi juu yake, akakunja miguu na kuchovya brashi katika rangi nyeupe. Mstari wa kwanza ukapinda, ukakutana na wa pili, ukagawanyika, ukapotea chini ya mwingine na kuibukia kwengine. Hakutanguliza penseli wala kipimo. Baada ya siku mbili kazi ilikuwa imekwisha. Leo iko katika Jumba la Taifa la Sanaa la Victoria, mjini Melbourne, na inahesabiwa miongoni mwa michoro mikubwa, kwa kimo na kwa hadhi, iliyowahi kutoka katika nchi hiyo.

Bibi huyo ni Emily Kame Kngwarreye, mzee wa kabila la Waanmatyerre, mojawapo ya makabila mengi ya wenyeji wa asili wa Australia ambao dunia imezoea kuwaita Waaborijini. Rangi za akriliki na kanvasi alivishika kwa mara ya kwanza katika kiangazi cha mwaka 1988 kuamkia 1989, akiwa anakaribia miaka themanini. Alipofariki mwezi Septemba 1996 alikuwa ameacha kazi zinazokadiriwa kufikia 3,000. Gawanya idadi hiyo kwa siku alizoishi akichora, utapata karibu kazi moja kila siku.

Wahakiki wa miji mikubwa walipoziona kazi hizo walihangaika kutafuta wa kumlinganisha naye. Wengine walimtaja Claude Monet wa Ufaransa na maua yake ya majini, wengine Jackson Pollock wa Marekani na rangi zake za kumwagwa. Emily hakuwa mwanafunzi wa yeyote kati yao. Hakusoma chuo cha sanaa, Kiingereza alikijua kidogo, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwenye makambi ya jamaa zake na kwenye ranchi za ng'ombe. Kwa hiyo likazuka swali ambalo hadi leo halijaisha: bibi ambaye hakuingia darasani aliupata wapi ufundi huu wote katika uzee?

Swali hilo lina kasoro. Emily alikuwa darasani tangu utotoni, na somo lake lilikuwa ardhi moja tu, Alhalkere.

Nchi yenye jiwe lililotoboka

Alhalkere iko katika eneo la Utopia, kiasi cha kilomita 250 kaskazini mashariki ya mji wa Alice Springs. Ni nchi ya mchanga mwekundu, mikakaya na nyasi ngumu, yenye mto uitwao Sandover ambao muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu, mpaka mvua kubwa inyeshe. Hapo ndipo Emily alipozaliwa, karibu na mwaka 1910. Hakuna aliyeandika tarehe. Kwa watu wake, jambo lenye uzito lilikuwa mahali alipozaliwa na ardhi aliyoirithi kwa upande wa baba.

Waanmatyerre husimulia juu ya Altyerr, wakati wa mwanzo ambapo wahenga, wengine wenye sura ya watu, wengine ya wanyama au mimea, walisafiri juu ya nchi na kuifanya iwe ilivyo. Kila kisima, kilima na njia ina mhenga wake, na kila mhenga ana nyimbo, ngoma na michoro yake. Altyerr hauhesabiwi kuwa umepita, kwa kuwa mhenga yumo katika nchi hadi sasa. Katika Alhalkere limesimama jiwe lenye tundu, alama ya mhenga wa mahali hapo. Emily alitobolewa ukuta wa pua kwa heshima ya jiwe hilo, na picha zake za uzeeni zinaonyesha tundu hilo wazi.

Mmea mkuu wa ardhi yake ni anwerlarr, kiazi pori chembamba kinachotambaa chini ya mchanga. Wataalamu wa mimea wanauita Vigna lanceolata, wa jenasi moja na kunde zetu. Juu ya ardhi huota majani na maua ya manjano, na chini mizizi husambaa huku na huku ikibeba viazi virefu. Kiazi kikikomaa, ardhi hupasuka. Mwanamke anayejua kuusoma mpasuko huo huinama na muo wake, kijiti kirefu cha kuchimbia, akachimba mahali pake. Asiyejua hupita juu ya chakula akalala na njaa. Kame, jina alilopewa Emily, ni mbegu ya mmea huo. Kngwarreye si jina la ukoo kama tunavyolielewa sisi. Ni jina la kundi la ujamaa linaloonyesha nani ni shangazi, nani ni mkwe, nani anaweza kuoana na nani. Ndiyo maana wachoraji wengi wa Utopia wana majina yanayofanana. Kathleen Petyarre na Gloria Petyarre, ambao nao walipata umaarufu mkubwa, walimwita Emily shangazi.

Kadiri alivyokua, Emily alipewa dhamana katika awelye, ibada za wanawake. Wanawake hukusanyika, husaga udongo mwekundu, wa njano na mweupe, hujipaka mafuta na kuchorana mistari mabegani na vifuani, kisha huimba na kucheza kwa ajili ya nchi yao ili viazi viote, emu, ndege wakubwa wa huko, wazaane na watu wawe na afya. Mistari hiyo haichorwi ovyo. Kila nchi ina mistari yake, na mwenye haki ya kuichora ni yule aliyefundishwa na kuruhusiwa. Emily alipanda ngazi hiyo hadi akawa mmoja wa wakuu wa awelye katika Alhalkere. Kwa miongo mingi, kabla hata mtu mmoja wa mjini hajalisikia jina lake, kidole chake kilikuwa kikichora mistari hiyo juu ya ngozi za binti, wajukuu na mashangazi.

Wageni na ng'ombe wao

Wahenga wetu walisema mgeni aje mwenyeji apone. Kwa Waanmatyerre mambo yalikwenda kinyume. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kizungu walijitwalia eneo hilo, wakalifanya ranchi na kulipa jina la Utopia. Ng'ombe walikunywa maji ya visima vya wahenga na kukanyaga mashamba ya viazi pori. Mwaka 1928, upande wa magharibi katika eneo la Coniston, msafara ulioongozwa na polisi uliwaua Waaborijini kulipiza kisasi cha kuuawa kwa Mzungu mmoja. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 31, na wazao wa waliouawa wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. Emily alikuwa msichana wakati habari hizo zilipokuwa zikipita kambi kwa kambi.

Kama jamaa zake wengi, alifanya kazi kwenye ranchi hizo. Alichunga mifugo na kuongoza misafara ya ngamia, wakati ambapo wanawake wengine walikuwa wakiajiriwa kupika na kufua. Malipo kwa kawaida yalikuwa unga, majani ya chai, sukari na nguo kuukuu. Haki ya mshahara sawa kwa Waaborijini wa ranchi iliamuliwa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwishoni mwa 1968, na wafugaji wengi waliijibu kwa kuwafukuza wafanyakazi pamoja na familia zao kutoka katika ardhi ile ile ya babu zao.

Jeraha jingine lilikuwa la watoto. Kwa miongo kadhaa serikali iliwachukua kwa nguvu watoto wa Kiaborijini waliokuwa na baba wa Kizungu na kuwapeleka kulelewa mbali. Barbara Weir, mtoto wa mchoraji Minnie Pwerle, alilelewa kwa sehemu na Emily, naye akachukuliwa akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alirudi akiwa mtu mzima, akajifunza upya lugha aliyosahaulishwa, akawa kiongozi wa jamii na mchoraji kwa haki yake mwenyewe. Emily hakuzaa. Watoto aliowalea kwa ujamaa ndio waliokuwa wake.

Nta kwanza, rangi baadaye

Uchoraji wa jangwani tunaoujua leo ulianza Papunya, kaskazini magharibi ya Alice Springs, mwaka 1971, pale wazee wa kiume walipoanza kuhamishia michoro ya ibada kwenye mbao na baadaye kwenye kanvasi. Mwaka uliofuata waliunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula. Kwa muda mrefu jambo hilo lilibaki mikononi mwa wanaume. Wanawake wa Utopia walifika huko kwa njia nyingine, yaani batiki.

Mwaka 1977 walifundishwa kazi ambayo akina mama wa Dar es Salaam na Mombasa wanaifahamu vizuri: kuyeyusha nta, kuichora kwenye kitambaa, kuzamisha kitambaa katika rangi, kisha kukichemsha nta itoke. Mwaka mmoja baadaye kikundi cha batiki cha wanawake wa Utopia kiliundwa, na Emily alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Walifanyia kazi chini ya miti, kuni na maji vikitafutwa mbali, upepo ukileta mchanga juu ya hariri. Michoro yao ilitoka palepale walipoijua, yaani kwenye mistari ya awelye, mbegu, mijusi na nyayo za emu.

Batiki hiyo iliingia hata katika siasa ya ardhi. Sheria ya Haki za Ardhi za Waaborijini katika Jimbo la Kaskazini ilikuwa imepitishwa mwaka 1976, na wenyeji wa Utopia wakafungua dai. Sheria iliwataka wathibitishe kwamba wao ndio wenye nchi kwa mila. Wangethibitishaje bila karatasi? Kwa kujua. Mbele ya jaji wanawake waliimba na kucheza awelye, wakitaja mahali kwa mahali na kuonyesha ni nani mwenye wajibu wa kipi. Vitambaa vyao vya batiki vilionyeshwa pia, kuthibitisha kwamba watu hawa wanaweza kuishi kwa kazi ya mikono yao kwenye ardhi yao. Dai likakubaliwa, na ranchi ikarudi kwa Waanmatyerre na majirani zao Waalyawarre.

Hilo ni jambo la kukumbuka kila unapotazama mchoro wa Emily. Kabla nyimbo na mistari hiyo haijawa bidhaa ya majumba ya sanaa, ilikuwa ushahidi uliosikilizwa na jaji na kurudisha nchi kwa wenyewe.

Mwaka 1988 wasanii 88 wa Utopia, wengi wao wanawake, walitengeneza hariri 88 za batiki zilizonunuliwa kwa pamoja na mkusanyo wa sanaa wa Holmes à Court. Katika kiangazi cha 1988 kuamkia 1989, shirika la habari la Waaborijini wa Australia ya Kati, CAAMA, liligawa kanvasi 100 na rangi za akriliki kwa wachoraji wa Utopia. Mchoro wa kwanza wa Emily ulihusu mwanamke emu, na ulipoonyeshwa pamoja na mingine mjini Sydney mwaka 1989, ndio uliowasimamisha watu. Yeye mwenyewe aliiacha batiki bila majonzi. Alieleza kwamba kuchemsha, kusuuza na kuanika kulimchosha, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Akriliki ilimpa nafasi ya kuketi chini na kuchora tu.

Miaka minane

Kilichowashangaza wengi si wingi wa kazi zake peke yake, bali jinsi alivyobadilika. Wachoraji wengi hupata mtindo mmoja na kuushikilia maisha yote. Emily aliacha mtindo mara tu ulipoanza kupendwa.

Miaka ya mwanzo alichora kwanza mistari ya mizizi ya anwerlarr, kisha akaifunika kwa maelfu ya nukta, tabaka juu ya tabaka, mpaka mizizi ikaonekana kwa taabu kama ilivyo chini ya mchanga. Ukiutazama mchoro wa kipindi hicho kwa haraka utaona vumbi la rangi. Ukiutazama kwa utulivu, chini yake unaanza kuona njia. Kufikia mwaka 1992 nukta zilikuwa zimekua. Alikuwa akichukua brashi nene, wakati mwingine ya kunyolea ndevu, akaigandamiza kwenye kanvasi mpaka nywele zake zikatawanyika na kuacha ua la rangi. Mwaka huohuo serikali ya Waziri Mkuu Paul Keating ilimtunuku ruzuku ya heshima inayotolewa kwa wasanii, akiwa Mwaborijini wa kwanza kuipata. Emily alidhani angepumzika sasa. Hakupumzika.

Kutoka kipindi hicho umetoka mchoro wake uliopata jina kubwa zaidi duniani, "Earth's Creation", wa mwaka 1994. Una vipande vinne vinavyounganishwa kuwa kimoja chenye urefu wa zaidi ya mita 6. Rangi zake ni za wakati ambao wenyeji wa jangwani wanaungojea kwa hamu: mvua imenyesha, nyasi zimechipuka, maua ya njano na zambarau yamefunika mchanga, samawati ya maji imo humohumo. Anayelijua jangwa kama mahali pakavu tu, mchoro huo unamsahihisha.

Kisha, ghafla, akaacha rangi nyingi na kuanza kuchora mistari mitupu, minene, iliyosimama sambamba, rangi moja au mbili kwenye sehemu nyeupe. Baadhi ya wanunuzi walisita, wakisema bibi amechoka. Wanawake wa Utopia waliitambua mara moja, maana ni mistari ile ile ya mabegani na vifuani ambayo Emily alikuwa akiichora juu ya ngozi kwa maisha yake yote. Mwaka 1995 mistari hiyo ikaanza kupinda na kusukana, ikawa mizizi ya viazi, na hapo ndipo ulipozaliwa mchoro mkubwa mweusi wa Melbourne.

Alipoulizwa anachora nini, jibu lake halikubadilika: kila kitu. Akaorodhesha: kiazi pori, mjusi wa miiba, mbegu za nyasi, mtoto wa dingo (mbwa mwitu wa huko), emu, mmea mdogo ambao emu huupenda, maharage ya kijani na mbegu ile iliyompa jina. Kwa Kiingereza cha mijini jibu kama hilo linaweza kuonekana la kukwepa. Kwa mzee wa Alhalkere ndilo jibu kamili, kwa maana nchi haigawanyiki vipande vipande. Anayechora mizizi ya kiazi amechora mvua iliyoikuza, emu anayepita juu yake, wimbo unaoimbwa kwa ajili yake na mwanamke atakayekichimba. Wahakiki waliotaka kuziita kazi hizo michoro dhahania, isiyohusu kitu, walikuwa wakitazama ramani ya mahali wasipopajua.

Si kwamba alitoa kila kitu. Kuna mambo ya awelye ambayo wanaume hawapaswi kuyaona na wageni hawapaswi kuelezwa. Emily alichora nchi yake waziwazi mbele ya ulimwengu mzima, na siri zake akaondoka nazo au akawaachia waliostahili.

Wiki mbili hivi kabla ya kufariki, akiwa dhaifu, aliomba rangi. Akachukua brashi pana ya kupakia rangi ya msingi na kwa muda wa siku tatu akachora kanvasi 24 ndogo. Hakuna nukta wala mistari ndani yake, isipokuwa mikupuo mipana ya waridi, samawati na nyeupe, mkono ukipita mara chache na kuondoka. Mtu wa umri wake, katika siku zake za mwisho, alikuwa bado anaanza upya.

Nani amekula, nani amelipwa

Katika habari ya Emily kuna sura isiyopendeza, na kuiruka ni kumdhulumu mara ya pili. Soko lilipogundua kwamba jina lake linauza, wafanyabiashara walimiminika Utopia na magari yaliyobeba kanvasi. Baadhi walimtendea haki na kumheshimu hadi mwisho. Wengine walikuja kuvuna tu. Alichora kwa ajili ya wengi, mara nyingi kwa haraka, na zikazuka kesi na minong'ono ya kazi zilizotiwa jina lake bila mkono wake. Wako waliosema bibi wa themanini alikuwa akikamuliwa.

Hata hivyo, kumwona kama mtu aliyeonewa tu ni kumpunguza. Kwa sheria ya jangwani, mwenye kupata hugawa. Malipo ya kazi zake yalikwenda kwenye chakula, magari na mahitaji ya jamaa wengi waliomtegemea, na ndivyo alivyotaka, kwa kuwa mkuu wa nchi hupimwa kwa anavyowatunza watu wake. Alijua anauza nini na anakataa nini. Alikataa kuhamia mjini, akakataa kurudia mitindo iliyopendwa na wanunuzi.

Tatizo lilikuwa katika mfumo. Mwezi Mei 2007, "Earth's Creation" uliuzwa mnadani Sydney kwa dola za Australia 1,056,000. Ulikuwa mchoro wa kwanza wa Mwaborijini kuvuka dola milioni moja. Wakati huo Emily alikuwa amefariki kwa zaidi ya miaka kumi, na hakukuwa na sheria iliyomlazimu muuzaji kuwapa warithi wake chochote. Miezi miwili baadaye "Warlugulong", mchoro wa Clifford Possum Tjapaltjarri, Mwaborijini mwingine, ambao mwaka 1977 uliuzwa kwa dola 1,200, ulinunuliwa na Jumba la Taifa la Sanaa la Australia kwa dola milioni 2.4. Clifford naye alikuwa marehemu.

Kelele zilizofuata zilisaidia kuzaa sheria ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika Juni 2010. Chini yake, msanii au warithi wake, hadi miaka 70 baada ya kifo, hupata mrabaha wa asilimia 5 pale kazi inapouzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi kupitia soko la sanaa. Kenya nayo iliingiza haki ya namna hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Ni asilimia ndogo, lakini inakubali jambo ambalo soko lilikuwa limelikana: kazi haikatiki uhusiano na mkono ulioitengeneza siku inapouzwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 "Earth's Creation" uliuzwa tena, safari hii kwa dola milioni 2.1.

Jina linalosafiri

Mwaka 1997, miezi michache baada ya kifo chake, kazi za Emily ziliiwakilisha Australia kwenye maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, pamoja na za Judy Watson na Yvonne Koolmatrie, nao wanawake wa asili ya nchi hiyo. Mwaka 1998 maonyesho makubwa ya kazi zake yalifunguliwa Brisbane na kuzunguka miji mingine. Mwaka 2008 Wajapani walipanga foleni Osaka na Tokyo kumwona. Mwaka 2015 Mnaijeria Okwui Enwezor, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa usimamizi wa maonyesho ya Venice, aliupachika "Earth's Creation" katika ukumbi mkuu, si kwenye kona ya sanaa za kienyeji, bali miongoni mwa wasanii wakubwa wa wakati wetu.

Desemba 2023 Jumba la Taifa la Sanaa la Australia mjini Canberra lilifungua maonyesho ya maisha yake yote ya kazi. Walioyasimamia, Kelli Cole na Hetti Perkins, wote ni wanawake wa asili ya Australia, na waliyaandaa kwa kushauriana na jamaa na jamii ya Utopia. Jina lake likaandikwa kwa tahajia ambayo wenyeji wanaitumia sasa, Emily Kam Kngwarray. Hariri za batiki ziliwekwa sawa na kanvasi, na nyimbo za awelye zikawa sehemu ya maelezo. Julai 2025 maonyesho hayo yalifika Tate Modern, London, yakiwa maonyesho yake makubwa ya kwanza ya peke yake barani Ulaya, katika mji mkuu wa dola ileile iliyowahi kuitangaza ardhi yake kuwa haina mwenyewe.

Huko nyumbani, watu wa Utopia bado wanaishi kwenye makazi madogo yaliyotawanyika, kila familia karibu na nchi yake. Barabara ni za vumbi, na huduma za maji, afya na nyumba zimekuwa chanzo cha malalamiko kwa serikali moja baada ya nyingine. Wanawake wanaendelea kuchora, na mistari ya awelye inaendelea kufundishwa kwa wasichana.

Ndiyo maana sifa ya "bibi aliyeanza kuchora uzeeni", inayorudiwa kila jina lake linapotajwa, inapaswa kuachwa. Inawapendeza wanaopenda miujiza, lakini inafuta miongo ya mafunzo, ibada, kazi ngumu na mapambano ya ardhi, na inawaondoa wanawake waliomfundisha. Emily Kame Kngwarreye hakuanza uzeeni. Uzeeni ndipo dunia ilipomletea kanvasi, na kwa kuchelewa huko hasara ni ya dunia.